Duka la nyuzi Langoni, ambako rangi huangaliwa juani

Ukiiacha Njia Kuu ukaingia vichochoro vya Langoni, hapa Lamu, kuna duka la nyuzi la mlango mmoja ambalo washonaji kofia wanalijua vizuri. Wao ndio wateja wake wakubwa, na ndiyo maana rafu ya mbele imejaa nyeupe, maziwa na kahawia. Mimi huipita rafu hiyo. Nakwenda nyuma, kwenye masanduku ya nyuzi za rangi, na hapo naweza kukaa asubuhi nzima bila kuchoka.

Ninachodarizi ni mito ya viti, juu ya kanvasi ya matundu: kitambaa kigumu cha pamba, kimefumwa wazi hata kila tundu lahesabika. Sindano yake ni butu, haitoboi, inapita tu. Uzi huifunika kanvasi yote isionekane, kwa hiyo mwisho wa kazi rangi ndiyo inayokuwa kitambaa chenyewe. Uzi mbaya hapo hauna pa kujificha. Niliwahi kununua kwingine nyekundu ya bei rahisi, ikachuja siku ya kwanza kufuliwa na kuharibu mto mzima.

Hapa nanunua DMC, za kampuni iliyoanza mwaka 1746 huko Mulhouse, mji ambao leo uko Ufaransa. Kitita kimoja ni mita 8 za pamba inayong'aa kama imepakwa mafuta, na ndani yake mna nyuzi 6 zinazoachana. Usizitumie kama zilivyotoka. Kata kipande cha kama sentimita 45, zichomoe moja moja, kisha uzikusanye tena. Zitalala bapa na kujaza tundu vizuri zaidi. Kila rangi ina namba, na zipo zaidi ya 500. Nyeusi ni 310. Nyekundu yangu ni 321. Mzee wa duka hana zote, lakini alizonazo amezipanga kwa ukoo wa rangi, si kwa namba, na huo mpango wake peke yake unanifurahisha: unafungua sanduku la buluu unaiona bahari kuanzia kilindini mpaka ufuoni.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nilisifu duka hili kuliko mengine. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta ni ndefu, jua haliingii, na taa ya dukani hugeuza kila kitu kikawa na umanjano. Mara ya kwanza nilipoanza kulinganisha nyuzi mezani mzee alinizuia. "Mwanangu, rangi haiangaliwi ndani. Toka nazo juani, ukimaliza urudi." Akanipa vitita vyote mkononi, hajaandika jina wala hajashika pesa. Nikatembea nazo hadi bandarini, nikazilaza juu ya ukuta. Buluu 799, ambayo dukani niliidharau, niliilaza kando ya nyeupe ikaonekana imechoka. Nikaisogeza karibu na rangi ya chungwa, 740, papo hapo ikakolea, ikawa na nguvu ambayo sikuwa nimeiona. Uzi ni ule ule.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1824 mkemia Michel-Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa kutia rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyeusi ya pale haikolei. Akaichunguza akaona nyeusi haina kasoro yoyote. Buluu na zambarau zilizopakana nayo ndizo zilizokuwa zikiifanya ionekane dhaifu. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839. Mzee wa Langoni hufanya kazi hiyo hiyo kwa kumtuma mteja bandarini, na nashukuru kila anaponituma.

Buluu zile nimezitumia kwa mshono wa bargello, ambao jina lake linatokana na viti vya karne ya 17 vilivyomo katika makumbusho ya Bargello mjini Florence. Mishono husimama wima, kila mmoja unaruka nyuzi 4 za kanvasi, na unaofuata unapanda au kushuka nyuzi 2. Mstari wa kwanza ndio wa kuhesabu kwa makini. Iliyobaki inaufuata, rangi moja chini ya nyingine, mawimbi yakijipanga. Na kwa kuwa mishono ni wima, kanvasi haipindi kama inavyopinda kwa mishono ya mshazari. Ukifika mstari wa nne hivi, mkono hautaki kuacha, kwa sababu kila rangi mpya inabadilisha zile zilizotangulia.

Kasoro zipo. Kanvasi ni chache, na huikata kwa macho, kingo zikaenda mrama. Nunua iliyozidi kidogo na uzibandike kingo utepe zisifumuke. Omba ya matundu 18 kwa inchi, ndiyo inayofunikwa vyema na nyuzi zote 6. Sindano zikague, hewa ya chumvi inazishika kutu upesi. Adhuhuri duka hufungwa na kufunguliwa alasiri. Kitita ni shilingi 120, na M-Pesa anapokea.

Kanvasi zilizochapwa picha ya punda au jahazi ziko mlangoni, nzuri kwa mgeni anayetaka kumbukumbu, lakini humo rangi zote zimeshachaguliwa na mtu mwingine. Chukua kanvasi tupu, 797, 798, 799 na 800, na kitita kimoja cha 740. Hiyo 740 mwombe akuongezee cha pili, maana huisha upesi.