ELM327 kwenye Toyota ya zamani inayomisi: kinafaa wapi, kinagomea wapi

Ukiwa na Toyota yenye injini ya 1NZ-FE (Corolla NZE, IST, Probox) inayotetemeka ikisimama kwenye foleni na kukosa nguvu mlimani, nunua kidude cha ELM327 cha bluetooth kabla ya kununua plagi wala koili. Kinachomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, na simu husoma kupitia kwake misimbo ya hitilafu na data za injini kwa programu kama Torque au Car Scanner.

Tatizo ni kuchagua. Vilivyoandikwa toleo 1.5 ni nakala, maana Elm Electronics ya Kanada haikuwahi kutoa toleo hilo. Hata hivyo, nyingi kati ya hizo hufanya kazi vizuri kuliko vidude vidogo vya "2.1", ambavyo vimepunguzwa amri na mara nyingi hugoma kwenye magari ya laini ya K (waya wa zamani wa mawasiliano ya kompyuta ya gari), na Toyota nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimo humo. Kikigoma, jaribu kwanza profaili ya Toyota za soko la Japani ndani ya Car Scanner. Wenye iPhone watafute cha Wi-Fi au cha bluetooth LE. Cha bluetooth ya kawaida hakitaunganika.

Kikiunganika, msimbo wa P0300 maana yake injini inamisi (silinda zinakosa kuwaka) bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 inataja silinda yenyewe, ukihesabu kuanzia upande wa mikanda. Usifute chochote kabla ya kusoma data iliyogandishwa wakati msimbo ulipojiandika: mizunguko, joto na mzigo wa injini. Ukifuta, umepoteza ushahidi bora kuliko wote.

Tuseme ni P0303. Msimbo huo haujasema koili imekufa, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Fungua bolti ya spana 10, hamishia koili ya silinda 3 kwenye 1 na ya 1 kwenye 3, futa msimbo, endesha. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0303, toa plagi kwa soketi ya 16 na uitazame kwa makini: mstari mweusi mwembamba kwenye kauri nyeupe unaonyesha cheche inavujia pembeni badala ya kuruka kwenye mwanya, ambao kwa plagi za kawaida za injini hii ni milimita 1.1. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, gasketi ya kava ya valvu imechoka, na koili mpya nayo itaharibika usipoibadilisha. Plagi ikiwa safi, nenda kwenye nozeli (kinyunyizio cha petroli), kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: karibu baa 15 kwa kila silinda ya injini isiyochoka, isishuke chini ya 11, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya baa 1.

Kasoro kubwa ni kwamba baadhi ya magari ya soko la Japani ya miaka hiyo hayahifadhi misimbo ya P030x kabisa. Skrini ikisema hakuna kosa, usiamini. Chomoa kiunganishi cha waya cha nozeli moja moja injini ikinguruma. Silinda ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Nozeli ni salama kuliko koili kwa kipimo hiki, kwa sababu petroli mbichi haiendi kuunguza kataliti (kisafisha moshi kwenye ekzosi).

Kinachonifanya nikipende zaidi ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza. Yakiwa +20% injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kisha yakakaribia sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inapenya mahali: gasketi ya manifoldi ya hewa au bomba la PCV (linalorudisha mvuke wa injini kwenye hewa inayoingia). Yakizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu, filta ya mafuta au sensa chafu ya hewa.

Mtetemo unaokuja kwenye D huku umekanyaga breki, kisha ukatulia kwenye N, hapo anza na mauntingi za injini (raba zinazoishikilia). Kidude hiki hakioni raba iliyopasuka.

Data yake huja polepole kwenye laini ya K, na ukikiacha kimechomekwa usiku kucha kinakula betri. Kwa kazi ya kutafuta silinda, bado nakipendekeza bila kusita.