Sweta za sufu za mtumba, soko la Memorial: uzoefu wangu wa kuzifumua na kutia uzi wake rangi

Nyota nne kati ya tano.

Nianze na pale nilipoliwa hela. Mwezi wa tano nilinunua madonge manane ya uzi kwenye duka moja hapa Moshi mjini, elfu tatu kila donge la gramu 50. Karatasi yake ina picha ya kondoo na maneno kwamba ni sufu asilimia 100. Mimi hufuma kwa kujifurahisha tu, jioni watoto wakishalala, na huu ni mwaka wa pili natia uzi rangi mwenyewe kwa maganda na mizizi. Nikachemsha maganda ya vitunguu, nikatumbukiza uzi wangu mweupe, nikangoja saa nzima. Maji yalikolea kama chai ya rangi. Uzi ukatoka mweupe vilevile, kama uliingia humo kuoga.

Nikakata kipande, nikakichoma kwa kiberiti. Kikayeyuka na kuacha kitone cheusi kigumu kama ushanga. Akriliki hiyo, plastiki, na rangi ya maganda haiishiki hata uichemshe mpaka Krismasi. Sufu ya kweli ikiungua inanuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, na majivu yake yanasagika vidoleni. Nilirudi dukani na kile kitone changu kwenye karatasi. Muuzaji akaniangalia kwa huruma: "Mama, huyo kondoo ni nembo tu."

Tangu siku hiyo uzi wangu nautoa Memorial, ukiwa bado sweta.

Mtumba unatoka nchi nyingi, kwa hiyo soma kitambulisho cha shingoni kwa lugha yoyote utakayoikuta. Wool, Wolle, laine, lana, zote ni sufu. Kisha geuza sweta ndani nje uangalie mishono, na hapa ndipo wengi tunapopoteza pesa. Ukiona imepigwa ovaloki, maana yake ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kilichofumwa, na ukiifumua kila safu inatoka kipande chake. Ya kwanza niliyonunua kwa pupa ilinipa vipande visivyohesabika, kila kimoja urefu wa mkono. Nilijazia mto. Unayoitaka ni ile ambayo kingo zake zimefumwa zikaisha zenyewe, halafu zikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Ukipata uzi sahihi ukauvuta, mshono wote unafunguka kama gunia la mchele. Inua pia sweta kwenye mwanga. Tundu moja la nondo linakata safu kadhaa. Na ile ambayo imeshafuliwa kwa maji ya moto mpaka macho ya mfumo hayaonekani, iache, haifumuki hata kwa maombi.

Bei? "Elfu saba dada, hiyo ni ya baridi kabisa." Nikatoa elfu nne. Mangi wa duka la mtaani kwetu akanipimia kwenye mizani yake ya sukari: gramu 420. Wale kondoo wa karatasi walinipa gramu 400 kwa elfu 24.

Kufumua ni kazi ya wikiendi. Anzia juu, mabegani, kwa sababu sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na ukianzia chini uzi unakwama. Nazungushia kwenye mgongo wa kiti, nafunga sehemu nne usivurugike, naosha kwa shampuu, naanika na chupa ya maji ikining'inia chini ili mikunjo inyooke. Halafu shabu, ile ya kusafishia maji, asilimia 10 ya uzito wa uzi, yaani gramu 42 kwa sweta ile, kwenye sufuria ambayo hairudi tena kupika wali. Shabu ndiyo inayoifanya rangi ing'ang'anie. Moto wa mkaa uwe mdogo, maji yatoe mvuke tu, na uzi upoe humohumo. Mara moja nilikuwa na haraka, nikautoa wa moto nikautia chini ya bomba, na maji ya kwetu mnayajua yanavyotoka na ubaridi wa mlima. Ulishikana ukawa dodoki.

Maganda ya vitunguu naokota soko la Mbuyuni bure. Mama anayeniwekea kiroba bado anaamini natengeneza dawa ya presha na sijafanikiwa kumbadilisha mawazo. Uzi ukilingana uzito na maganda, inatoka dhahabu iliyoiva. Ukitia misumari yenye kutu kwenye maji hayohayo inageuka kijani cha zeituni. Bizari ya manjano ni tapeli. Siku ya kwanza inang'aa mpaka majirani wanauliza, baada ya wiki chache za jua imepauka. Nilijaribu na utomvu wa mgomba, maana ni nani aliyekulia Uchagani hajachapwa kwa doa lake kwenye shati la shule? Ukaninyima. Doa lisilotoka kwenye sare miaka saba, kwenye sufu yangu liliishia kuwa rangi ya vumbi.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya mafundo, maana hakuna sweta iliyowahi kunipa uzi mmoja mpaka mwisho, na kwa sababu ya harufu. Sufu ikilowa nyumba nzima inanuka beberu. Pia nyeupe ni za kubahatisha. Bluu iliyokoza zimejaa, na hiyo huwezi kuifanya kitu kingine. Za kijivu hafifu msizidharau, zinatoa rangi iliyotulia kuliko hata nyeupe.

Jumamosi iliyopita nimepata moja ya kijivu hivyo, ya mwanaume, kubwa, Wolle tupu, mishono yote ya mnyororo. Nikaiacha kwenye kiti nikaenda kuandaa shabu. Niliporudi baba watoto alikuwa ameivaa, na kwa baridi hii ya mwezi wa saba, mpaka leo amegoma kuivua.