Draculaura wa Monster High: wa chagua ao mpya?

Niseme moja kwa moja, kama wewe ni mtu mzima na unatafuta pupe (mwanasesere) yako ya kwanza ya kuweka kwa kabati, anza na Draculaura wa Monster High, na kama uko hapa Bukavu mtafute kwanza kwa chagua, ni kusema mitumba, kwa wale wa soko la Kadutu wenye wanafungua balo za vitu vya watoto, mbele ya kutuma mtu akuletee mpya toka Ulaya. Mimi niko nao wote wawili, wa zamani na wa sasa, nimewaosha, nimewasuka, nimewavalisha, njo maana naongea.

Kwa wenye hawajaijua, Monster High ni ya Mattel, wale wa Barbie, ilitoka 2010. Kila pupe ni mtoto wa zimwi fulani: Clawdeen Wolf baba yake ni mtu-mbwa mwitu, Cleo de Nile ni wa mumia wa Misri, Lagoona Blue ni wa zimwi la baharini. Draculaura ni binti ya Dracula, ako na miaka 1600, lakini damu hataki kabisa, nyama pia hapana, yeye anajilia mboga zake tu. Hapo njo napendea hizi pupe! Kila moja iko na tabia yake na nguo zinafuata hiyo tabia. Yule wa kwanza alitoka na mwamvuli, na popo yake mwenye kuitwa Count Fabulous, na kadaftari kake ka siri. Mtoto ataona mwamvuli mzuri basi, mtu mzima atajiuliza mwamvuli wa nini, kisha atakumbuka huyu ni mtoto wa mnyonya damu, na jua wanaliogopa. Naweza kukaa nawaza vitu kama hivyo saa nzima na roho inatulia kabisa.

Wangu wa chagua alikuja bila mwamvuli, bila popo, nywele zimejifunga kama nyuzi za gunia. Nilimtambua kwa kamoyo kale ka pinki kwa shavu na vimeno viwili vinatokea kwa mdomo. Mama mwenye kuuzisha akaniuliza, "Ni ya mtoto wako?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni yangu mwenyewe." Akaniangalia, akacheka vizuri, kisha akaingiza mkono mpaka chini ya mfuko na akanitolea kiatu kimoja, "basi chukua na hiki, cha pili kikionekana nitakuwekea." Mungu ambariki yule mama.

Ukipata wako, mgeuze kwanza, angalia jina la Mattel kwa mgongo, na mwaka wenye kuandikwa pale usikudanganye, ni mwaka wa kalibu, si mwaka wenye ile pupe ilitengenezwa. Kisha angalia mikono. Kiwiko kinakunjika, kiganja kinageuka, na mkono unachomoka ili nguo ipite, sasa vuta polepole ju kale kapini ka ndani kakivunjika hakuna fundi wa kukarudisha. Nywele unaosha na sabuni ya vyombo, unachana kuanzia kwa ncha ukipanda juu, si kuanzia kwa kichwa. Pupe za zamani kuna zenye gundi ya ndani ya kichwa inatoka na nywele zinanata, hapo poda ya bebe inasaidia.

Sasa huyu mpya. Mwaka 2022 Mattel waliwarudisha na miili haifanane tena, Draculaura ni mfupi mwenye kujaa kidogo, Frankie Stein ako na mguu wa bandia, na hiyo ya Frankie nimeipenda sana sana ju hapa kwetu watu wenye kutembea hivyo tunawajua, na pupe yenye kufanana nao haikukuwaka. Kwa sura lakini bado nachagua wa zamani, ako na macho ya mtu mwenye ameshaona mambo, huyu wa sasa ni katoto. Bei pia: kule nje mpya alipotoka alikaribia dola 25, ongeza usafiri na pesa za mpakani, wa chagua nilimpata kwa dola tatu.

Na mwenye anasema ni mambo ya watoto ajue Mattel wenyewe wako na pupe za Monster High zenye kuitwa Skullector, wanatengenezea watu wakubwa kabisa, toka 2020.

Kitu chenye kinanipa furaha kuliko vyote ni kumvalisha. Fundi wa nguo wa kwetu ananiwekea vipande vya kikwembe (kitenge), na kwa mwili mdogo vile unatafuta kikwembe chenye maua madogo madogo, maua makubwa yanammeza. Draculaura wangu ako na libaya (blauzi) na kikwembe cha pinki na nyeusi, kiuno kimekaa sawasawa, na amependeza kuliko vile alitoka kiwandani.

Sasa natafuta Clawdeen wa 2010, mwenye atamuona kwa balo aniambie, hata kama hana viatu nitamchukua.