Jimny ya Milango Miwili, Gia za Mkono: Nimeitafuta Miezi Saba, Leo Naionyesha

Haya wadau, habari zenu, karibuni tena. Hapa tuko Lushoto, tumepanda kutoka Mombo asubuhi, na hii mnayoiona nyuma yangu ni Suzuki Jimny toleo la JB23, ya 2003, milango miwili, manuali, gia tano. Nimeitafuta miezi saba aisee. Wengi mmeniuliza kwa nini nihangaike hivyo wakati Jimny zimejaa mayadini, jibu ni hilo neno manuali, maana kila yadi niliyopita nyingi ni auto.

Sasa anayetafuta na yeye asikilize hapa. Kwenye mitandao ya magari ya Japani ukichagua milango miwili hupati kitu, kwa sababu wao wanahesabu na ule mlango wa nyuma wenye spea tairi, kwahiyo chagua milango mitatu. Afu kwenye karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari inayotolewa mnadani Japani, angalia sehemu ya gia, ukikuta F5 hiyo ndo manuali ya gia tano, ukikuta AT achana nayo. Na maneno ya dalali yasikutoshe. Mimi kuna yadi moja Dar walinitumia picha kumi na mbili, "manuali kabisa kaka", nikapanda basi nikaenda, nafungua mlango nachungulia chini, pedeli mbili. Nauli imeenda, siku imeenda, iliniuma kweli. Toka siku ile picha ya kwanza naomba ya pedeli, zikiwa tatu ndo tunaongea bei.

Ushuru nao uuangalie mapema. Injini ya hii ni cc 660 yenye tabo (turbo), na kwetu Tanzania gari isiyozidi cc 1000 haitozwi ule ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, ila ikizidi miaka minane kuna ushuru wa uchakavu na hapo ndo JB23 ya zamani inakumaliza, ndo maana mimi nikaamua nitafute iliyopo hapahapa nchini, nikaipata kwa mzee mmoja, namba ya gari ni zile za herufi C, kupitia fundi wake. Unayeagiza piga hesabu kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, kabla hujatuma hata mia. Ndugu zetu Kenya wana ile sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka minane, kwahiyo wao waangalie JB64, toleo jipya la Jimny lililoanza kutoka 2018.

Njooni chini mwone. Mnaona hii chesesi? Ni ya ngazi, kama ya lori, afu eksel ni nzima mbele na nyuma, yaani moja inaunganisha tairi la kushoto na la kulia, springi za koili. Kutoka katikati ya tairi ya mbele mpaka katikati ya tairi ya nyuma ni mita 2.25 tu, na hapo ndo utamu wa milango miwili ulipo, maana ikipanda tuta au jiwe tumbo halikwami kirahisi, na njia nyembamba za huku juu kwenda Mtae unageuza pale ambapo mwenzio mwenye gari ndefu anarudi rivasi kilomita nzima.

Na manuali, jamani. Asubuhi tumeshuka kilima cha udongo mwekundu, mvua imenyesha usiku, nikaweka 4L, ile ya tairi zote nne kuvuta kwa gia nzito, na gia ya kwanza, mguu nikatoa kwenye breki kabisa, gari ikashuka polepole yenyewe injini inaishikilia, tairi hata moja halikuteleza. Breki ungeigusa pale unaanza kwenda upandeupande. Afu betri ikifa kijijini vijana watatu wanasukuma inawaka, auto hapo unasubiri mtu mwenye waya.

Ukienda kuikagua ingiza 4WD uendeshe kidogo uangalie taa ya kijani, ikipepesa bila kutulia huenda habu za mbele, zile zinazounganisha tairi na eksel, hazijifungi, mara nyingi ni mpira wa vakyumu umechanika, sio ugonjwa mkubwa lakini utumie kushushia bei. Ifikishe spidi 60, 70, stelingi ikianza kutetemeka kwa nguvu angalia balansi ya tairi, bushi, na beringi za kingipini, hii yangu ilikuwa nazo zimekufa tumeshabadilisha. Oili kwenye tabo usicheze nayo, mimi namwaga kila kilomita 5000. Na kutu, lala chini na tochi, gari zilizotoka sehemu za theluji Japani zinaliwa na chumvi chesesi yote huku rangi juu inang'aa.

Barabara kuu niwe mkweli kwenu, haipendi. Spidi 100 injini inalia, lori likikupita upepo unaisukuma, na viti vya nyuma vikiwa na watu mzigo hauna pa kukaa. Familia ya watoto watatu tafuteni gari nyingine.

Pajero Mini manuali zipo na ni nafuu, ila mbele haina eksel nzima, na zilikoma kutengenezwa 2012. RAV4 ya milango miwili ni tamu barabarani lakini haina 4L, kwa vilima hivi mimi siitaki.

Klachi ya hii imeanza kushika juu sana, kwahiyo wiki ijayo tunashusha gia boksi hapa hapa kwa fundi, nitawasha kamera toka bolti ya kwanza mwone spea inaingiaje na imekula shilingi ngapi.