TAHADHARI: Muuzaji wa USDT Kariakoo anayewapa watu dola hewa

Wakuu, mtanisamehe uandishi, mikono inatetemeka kwa hasira. Wale wa mzigo wa pamoja mnajua kilichonifanya nitafute USDT, ile dola ya kidijitali, kwa mbio, sirudii. Wengine jueni tu kwamba kiwanda cha Guangzhou kilitaka salio lake kabla kontena halijafungwa, na yule muuzaji wa USDT tuliyemzoea hakuwepo mjini.

Huyu mtu sikumwokota mtandaoni. Nilielekezwa na mtu ninayemheshimu. Ana meza ndani ya duka la vifaa vya simu, ghorofa ya kwanza, watu wanaingia na kutoka wanamwita bosi. Alinipa kiti, akaniagizia soda. Bei yake ilipishana na soko kwa shilingi 20 tu kwa dola. Angenipunguzia 200 ningeshtuka, lakini 20? Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Dada, usinitumie hela mpaka uone mzigo wako umeingia." Niambieni, tapeli gani anakubali kutangulia yeye?

Nikampa anwani ya waleti yangu (programu ya simu ya kutunzia USDT) kwenye mtandao wa Tron, ile inayoanza na T. Akanisomea herufi za mwanzo na za mwisho, tukahakikisha wote wawili. Akatuma USDT 10 za majaribio, zikaingia hata sijanywa funda la pili. Akatuma 1,400. Kimya. Akasema, "Waleti yako inazificha, hebu lete nikuonyeshe." Akashika simu yangu, akabonyeza sehemu ya kuongeza tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, akabandika kitu kirefu cha herufi na namba, na hapo hapo ukatokea mstari: USDT, 1,400, na nembo ya kijani. Akaniambia nisimwamini yeye, nifungue Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, nijionee. Nikafungua. Muamala upo, umethibitishwa, umetoka kwake umekuja kwangu. Ndipo nikamrushia milioni tatu na nusu zake, huku ananitazama kwa upole kama shemasi. Akanitumia na TRX, sarafu ya Tron yenyewe, kidogo juu yake, maana kwenye Tron ada ya kutuma hulipwa kwa TRX, eti nisihangaike. Na hizo TRX zilikuwa halali kabisa! Mshenzi yule.

Nikatuma kiwandani usiku uleule. Wakala wa kule akanirudishia skrinshoti na maneno mafupi: hii siyo USDT, tuma ya kweli. Nikampigia bosi. Mara ya kwanza alipokea, tena bila wasiwasi: "Dada, muamala si umethibitishwa? Kamuulize Mchina wako." Baada ya hapo simu haipatikani, na pale dukani wanasema alikuwa mpangaji wa meza tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakudanganya kuhusu muamala. Blokcheni ni daftari moja lenye nakala kwenye kompyuta nyingi duniani, na kazi yake ni kuandika kwamba tokeni fulani imetoka anwani hii kwenda ile, na kuhakikisha mtumaji anayo kweli. Hailiulizi jina la hiyo tokeni kama ni la haki. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni yake kwenye Tron, akaiita USDT, akajizalishia milioni kumi akiwa amekaa kwenye kochi. Kinachotofautisha ni anwani ya mkataba wa tokeni, yaani ya ile programu inayoizalisha; ndicho kile kitu kirefu alichobandika kwenye simu yangu. USDT halisi ya Tether, kampuni inayoitoa, kwenye Tron, mkataba wake unaanza na TR7NHq na kuishia na Lj6t, na linganisheni herufi zote na ile iliyoko kwenye tovuti ya Tether, maana ncha mbili zinaweza kuigwa. Na hakuna meneja wa kumpigia arudishe. Kikishaandikwa kimeandikwa, ndivyo ilivyo tangu Bitcoin ilipoanza mwaka 2009.

Sasa dalili, nilizoziona nikiwa tayari nalia: waleti yangu ilikuwa na mistari MIWILI ya USDT. Zile 10 za kweli juu, na pembeni yake thamani kwa dola. Zile 1,400 chini, pembeni hamna kitu. Pesa moja haiwezi kukaa mistari miwili kwenye mtandao mmoja. Na muuzaji akiomba simu yako akuongezee tokeni, ondoka, soda muachie.

Huyu mtu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, si ya kupamba kabati. RB ya polisi ninayo, ingawa afande wa zamu aliniuliza hiyo dola ya kwenye simu ni noti ya ngapi. Namba aliyopokelea hela nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Anayemkodishia meza naye aitwe, aeleze kodi alikuwa anapokea kwa jina la nani. Watu wa namna hii ndio wanaofanya wenzao wanaouza USDT kwa haki waonekane wezi, na hao wanaouza kwa haki nawaomba wamtafute kabla hajahamia jengo lingine.

Kama kuna mwingine aliyepita ghorofa ile, aje inbox na kiungo cha muamala wake, anwani iliyotuma ikiwa ileile tufungue jalada moja. Na wewe uliyenielekeza kwake, simu yako inaita. Pokea.