TAHADHARI wa Tanga: ukiambiwa "injini imenoki", usitoe hela kwanza

Jamani, nimepigwa. Milioni moja na laki mbili, na hela yenyewe ilikuwa na kazi yake, msiniulize.

Gari yangu, Toyota IST, ilianza kugonga Jumamosi natoka Muheza na machungwa, nimefika Pongwe. Ko-ko-ko-ko, ukikanyaga mafuta inazidi. Nikaingia nayo gereji ile ya Ngamiani. Msiseme mimi mjinga: mzee wa watu, mvi zimejaa, ananiita mwanangu, na mwaka jana alinifanyia breki bei ya haki kabisa. Akagusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho kafumba. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, metali za krenki zimekwisha. Hii imenoki." Yaani vile vyuma laini vinavyoshika krenki vimelika, injini ni ya kubadilisha.

Akachomoa stiki ya oili, akaifutia kiganjani, akamulika na tochi ya simu. Oili nyeusi tii, na ndani chengachenga za chuma zinameta kama shela la bi harusi. Miguu ikaniisha nguvu. Sikujiuliza kwa nini afutie kiganjani na kitambaa kiko begani, wala kwamba dakika mbili nyuma nilimkuta kwenye jiliwa anapiga tupa. Hela nilituma usiku uleule. Siku ya tatu nakabidhiwa gari, injini inang'aa, "mtumba wa Japani huo". Ile ya zamani kaichukua yeye kama chakavu, akanipunguzia laki. Nikamshukuru! Nikamwachia na machungwa!

Siku nne baadaye taa ya betri ikawaka, mlio ukarudi. Shemeji akatoa mkanda, akawasha sekunde chache tu: kimya. Akashika puli ya wota pampu, inacheza kama jino la mtoto. Beringi. Yule mzee alikuwa kaulegeza mkanda tu ili unyamaze. Nikabisha, nikasema injini ni mpya hii. Shemeji akaomba kadi ya gari, akafuta uchafu penye namba ya injini. Namba ileile. Injini yangu, imeoshwa kwa petroli.

Mke wangu alisema tangu mwanzo tupate fundi wa pili. Sitaki kulizungumza.

Mtu huyu afikishwe mahakamani, anyang'anywe spana zote, na kile kiganja akioshe mbele ya watu! Anakula hela za watu na mvi zake zile! RB ya polisi ninayo.

Na nyie, namba ya injini ilinganisheni na kadi kabla hamjaondoka. Metali zikiwa zimekufa kweli, fundi akichomoa koili za plagi moja moja mlio hubadilika akifika kwenye silinda mbovu, na oili imwagwe yote mkiona, chujio lipasuliwe, si kiganja. Risiti pia. Mimi sikupewa.

Anayetaka jina aje pembeni. Wota pampu na ufundi vyote laki na ishirini, gari iko kimya.