Kuchomoka na Subaru ya tabo hapa Mwanza: uzoefu wangu na klachi ya Exedy na kompyuta ya Link

Anayetaka Subaru yake ya tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini) ichomoke vizuri, yaani iondoke kwa kasi kutoka kusimama, asianze kwa kuongeza nguvu za farasi. Aanze na klachi, kisha atafute fundi atakayekubali kukaa naye kwenye lami mpaka kikomo cha mzunguko wa injini wakati wa kuondoka kikubaliane na hewa ya huku. Nasema hivyo kwa sababu vyote viwili nimevilipia, na naona vijana wengi wa hapa Mwanza wanamwaga hela kwenye tabo kubwa wakati injini zao bado zinazama, mzunguko unaanguka, kila wanapoachia klachi.

Gari langu ni Impreza WRX ya 2003, mwili wa GDA, injini EJ205 ya lita mbili, gia tano za mkono. Lilitengenezwa kwa soko la Japani, farasi 250 kutoka kiwandani. Sijabadilisha tabo. Ni gari la kwendea kazini na kupelekea watoto shule, na siku za mbio linaingia mstarini na tairi zilezile za barabarani.

Kwanza tuelewane kuhusu tabia ya gari linalovuta magurudumu yote manne. Gari la kuvuta nyuma ukiliachia na mzunguko mkubwa, tairi zinaserereka na injini inabaki juu. Hili letu tairi zote nne zinashika lami kwa pamoja, kwa hiyo ile nguvu lazima itafute pa kutokea: ama klachi iteleze kidogo, ama meno ya giaboksi yabebe pigo lote. Ukiogopa pigo na kuachia na mzunguko mdogo, mshale wa mzunguko unaporomoka chini ya 3,000 kwa dakika, tabo inakuwa haina upepo, na wewe unabaki umekanyaga mafuta mpaka mwisho huku mwenzako anaondoka.

Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 88 ya ule wa pwani. Injini ikiwa bado haijapata upepo wa tabo inavuta hewa nyepesi, hivyo moshi unaokwenda kuzungusha tabo nao unakuwa mchache, na tabo inachelewa kuamka. Gari hili nililichukua bandarini Dar es Salaam nikalileta kwa barabara. Lile lililokuwa linaondoka kwa wepesi kule Pugu, Mwanza lilikuwa linasita kwanza kwenye gia namba moja. Ugonjwa haukuwepo, hewa tu imebadilika. Mtu akikupa vipimo vya kuchomokea vya gari la Dar, vichukue kama pa kuanzia, usivifunge kama vilivyo.

Sasa klachi. Gari lilikuja na ya seramiki yenye vipande, na mwenye kuipenda angesema inashika sana. Kweli inashika, lakini inashika yote au haishiki kabisa. Kupanda mlima wa Bugando nyuma ya bajaji ilikuwa adhabu: gari linatetemeka mpaka dashibodi inapiga kelele. Kwenye mstari ndiyo mbaya zaidi, maana haina ule mwanya wa kuteleza ambao gari la namna hii linauhitaji. Pigo lote linakwenda kwenye giaboksi, na giaboksi ya gia tano ya Subaru inajulikana kwa kung'oka meno. Wenye STI, toleo kali zaidi la gari hili, za gia sita wana chuma kinene zaidi, sisi hatuna.

Niliagiza Exedy ya hatua ya kwanza, ile ya sahani ya kawaida isiyo ya seramiki lakini yenye presha pleti (bamba linaloibana sahani) ngumu kuliko ya kiwanda. Ilipanda basi kutoka Kariakoo. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi inalishika, ilipelekwa kwa mchongaji ikasawazishwa, na hapo nasisitiza: usifunge klachi mpya kwenye flaiwili yenye makovu ya bluu ya joto, utakuwa umetupa hela. Baada ya kufungwa niliitembeza taratibu kilomita kama 800 za mjini, foleni za Mabatini, Buzuruga na Igoma, kabla ya kuipa kazi yoyote. Pedali imekuwa nzito kidogo kuliko ya kiwanda, mguu unazoea. Mtetemeko wa mlimani umekwisha.

Klachi hiyo peke yake, bila kugusa kompyuta, ilinipa faida kubwa kuliko nilivyotarajia. Kipimo ninachokiangalia ni futi 60 za kwanza, yaani mita 18 na kitu, kwa sababu hapo ndipo kuchomoka kunapopimwa, mbali na nguvu ya injini. Natumia Dragy, kile kisanduku kidogo cha setilaiti kinachoongea na simu. Klachi ya zamani ilikuwa inanipa sekunde 2.3, siku mbaya zaidi ya hapo. Mpya ikashuka hadi 2.05. Ukitumia kifaa hicho angalia kama umewasha au umezima ule mpangilio unaosamehe futi ya kwanza, kwa sababu peke yake unaweza kubadilisha muda kwa takriban theluthi ya sekunde. Watu wanabishana bure, mmoja kauwasha, mwingine kauzima.

Halafu ndiyo ikaja kompyuta ya kuendeshea injini ya Link, inayotengenezwa New Zealand, toleo la kuchomeka kwenye soketi ileile ya kompyuta ya kiwanda bila kukata nyaya. Si rahisi: inazidi dola 1,000 kabla hujalipa usafiri na ushuru. Kilichonivutia ni kikomo cha kuchomokea. Ukiwa umesimama umekanyaga klachi na mafuta mpaka mwisho, kompyuta inashikilia mzunguko kwenye namba uliyoichagua kwa kukata cheche na kuichelewesha. Mafuta yanamalizia kuungua yakiwa njiani kutoka, moshi unafika kwenye tabo na joto kali, na tabo inaanza kujaza kabla gari halijasogea. Geji yangu ya upepo wa tabo inafika baa 0.4 hivi nikiwa nimesimama. Lile pengo la hewa ya Mwanza linazibwa hapohapo. Usilishikilie zaidi ya sekunde tatu nne, kwa sababu joto hilo linapita kwenye vali na kwenye tabo yenyewe.

Gereji ya kwanza iliyonifungia, sitaitaja, iliweka kikomo 6,000, ikanikabidhi ufunguo na kuniambia tayari. Hakuna aliyetazama kumbukumbu za kompyuta, hakuna aliyekaa kwenye kiti cha abiria. Mzunguko wa 6,000 kwa giaboksi ya gia tano ni kuitafutia kifo, na muda haukuwa bora hata kidogo. Hilo lilinikera, kwa sababu kifaa chenyewe ni kizuri na kazi ilikuwa nusu.

Fundi wa Nyakato ninayemtumia sasa alianza na petroli. Magari kama hili ya soko la Japani yamepangwa kwa petroli yenye oktani ya juu, kwa hiyo alinitaka nije na mafuta ya pampu ninayojaza kila siku. Akavaa spika za masikioni zilizounganishwa na kipaza sauti kilichobanwa kwenye bloku ya injini, nikapanda mlima kwa gia ya tatu, yeye anasikiliza kama injini inagonga (mafuta yanalipuka vibaya ndani yake) huku anachelewesha cheche kidogo kidogo. Hapo ndipo tulipohamia kwenye kuchomoka, eneo lililofungwa upande wa Usagara, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Nasikia kuna wanaotamani kujaribu kwenye daraja la Kigongo–Busisi tangu lifunguliwe Juni 2025. Tafadhali, lile ni la abiria na wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko kwa masaa. Liacheni.

Jambo la kwanza alilofanya pale ni kuchukua ufagio wa chelewa na kufagia mita ishirini za mwanzo. Mawe yetu ya Mwanza yanamwaga chembe ngumu za mchanga, na mvua ikinyesha zinasambaa juu ya lami. Tairi nne haziwezi kushika juu ya chembe hizo. Kisha upepo wa tairi tukaushusha kutoka paundi 33 hadi 28, zote nne sawa. Na tairi zote ziwe saizi moja na uchakavu mmoja, vinginevyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote na inapata joto bure.

Tulianza kikomo cha 4,000. Kumbukumbu ikaonyesha mzunguko unaporomoka hadi 2,700 klachi ikishika, tabo inalala. Tukaenda 4,800, ukaporomoka hadi 3,400 na upepo wa tabo ukabaki. Tukajaribu 5,500: muda uleule, harufu ya klachi imeongezeka. Tukarudi 4,800 na hapo ndipo palipobaki. Alichonifundisha mguuni ni hiki: "Kaka, usiiachie ghafla. Ikishika ishikilie hapohapo, hesabu moja, halafu malizia." Ukiifanya vizuri unasikia nyuma ya gari inakaa chini, pua inainuka kidogo, hakuna mlio wa tairi wala kishindo. Futi 60 zimeshuka hadi sekunde 1.85, na kutoka sifuri hadi kilomita mia kwa saa nimetoka sekunde 6.6 hadi 5.7, injini ileile.

Mapungufu yapo. Fundi mzuri ana foleni, utasubiri. Kuna pia kipengele cha kupasua moto kwenye ekzosi ili tabo isilale kati ya gia. Nimekiacha kimezimwa kwa sababu kinaua tabo na kuamsha mtaa mzima. Na kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, chukua klachi, kompyuta ingoje.

Mafuta ya giaboksi namwaga kila baada ya siku ya mbio. Boliti ya kumwagia ina sumaku, naifuta kwa kitambaa cheupe na kuangalia kilichonasa. Mpaka sasa ni unga laini wa kawaida, hakuna kipande cha jino. Siku nikikiona, kikomo kinarudi 4,000 siku hiyohiyo, na ndipo nitaanza kuulizia bei ya giaboksi ya gia sita.